Namba Iliyogoma Kupanda

Asubuhi ile Fundi alipofika depo, wifi yake alimpokea kwa utani kama kawaida. "Karibu, mchoraji. Matangi yako yamependeza, bado kuyavisha hereni tu."

Wafanyakazi wa depo ile ya mafuta walimwita wifi huyo Darubini, kwa sababu hakuna kilichompita. Alianza kazi enzi za chaki: mtu anapanda juu ya tangi, anateremsha utepe wa chuma, anashuka, anaandika ubaoni mafuta yamefika wapi. Baadaye ikaja kompyuta ya kwanza, yenye kioo cheusi na herufi za kijani, ikawa hakuna anayepanda tena. Sasa ilikuwa zamu ya programu mpya, yenye matangi yaliyochorwa kwa rangi na mafuta yanayoumuka ndani yake kama uji sufuriani. Aliyeiandika ni Fundi, kama walivyomwita pale depo, mke wa kaka yake Darubini. Siku hiyo alikuja kukaa nao wakipokea mafuta kwa programu yake kwa mara ya kwanza.

Petroli ilikuwa inaingia tangi namba nne, ikisukumwa kwa bomba kutoka kituo cha pampu nje ya mji. Namba kwenye kioo ikapanda, ikapanda, kisha ikatulia.

"Wamepunguza kasi huko," alisema Darubini, akajimiminia chai.

Fundi aliikodolea macho ile namba. Haikutikisika hata tarakimu ya mwisho. Mafuta yanayoingia hayatulii hivyo. Hata yakienda polepole, namba hucheza. Akafungua ukurasa wa mawasiliano, ule ambao hakuna aliyewahi kuuangalia ila yeye. Kipimo cha tangi namba nne kilikuwa kimekatika kitambo. Kilichobaki kwenye kioo ni namba ya mwisho kabla hakijakatika.



Tabia hiyo ya kubakiza namba ya mwisho programu iliirithi. Zama za herufi za kijani, kila mvua ilipokata mawasiliano, namba ziligeuka vistari na kengele zikalia mpaka watu wakaumwa vichwa. Wakaomba namba ya mwisho iachwe ibaki, wakafanyiwa. Programu mpya ilipoandikwa wakaomba iwe vilevile, naye akawapa walichotaka. Na kengele ya tangi kujaa ilikuwa inasoma namba hiyohiyo.

"Wifi," alisema, sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto. "Hii namba imekufa. Tangi linaendelea kujaa."

Darubini aliweka kikombe chini. Aligeukia dirishani. Nje jua lilikuwa kali, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Lakini chini ya tangi namba nne palikuwa na ukungu mweupe. Ulipanda ukuta mfupi unaolizunguka tangi, ukamwagikia upande wa pili taratibu, kama maziwa yaliyochemka.

"Mungu wangu," alisema Darubini. "Ukungu gani saa hizi?"

Ulikuwa mvuke wa petroli, na ulikuwa unatambaa kuelekea kwenye foleni ya malori yanayosubiri kupakia.

Darubini akanyakua simu ya mezani, akapiga kituo cha pampu. "Zimeni pampu! Sasa hivi, tangi linafurika!" Mkono wake wa pili ukaenda kwenye kitufe cha king'ora, ukasita hewani. Wakatazamana. King'ora kikilia, kitu cha kwanza dereva atakachofanya ni kuwasha lori akimbie. Na cheche moja tu ilitosha.

"Madereva simu zao wameziacha getini," alisema Darubini. "Na kaka yangu yuko kwenye foleni."

"Najua." Asubuhi mumewe alikuwa amempungia mkono akiwa kwenye usukani.

"Vua hivyo viatu, visigino vyake vya chuma. Zunguka kwa nyuma. Mimi siachi simu mpaka waniambie pampu imezimwa."

Fundi alitoka peku. Sakafu ya saruji ilimchoma nyayo, na harufu ikampiga puani mpaka machozi yakamtoka. Miguu ilitaka kumrudisha ndani, akaiburuza. Dereva wa kwanza, aliyekuwa mwisho wa foleni, alikuwa amesinzia. Akamgusa bega, akanong'ona, "Usiwashe gari. Shuka, nenda geti la nyuma." Hakujua kwa nini ananong'ona, kama vile sauti nayo ingewaka moto. Dereva akanusa, macho yakamtoka pima, akashuka akaelekea geti la nyuma. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu alianza kubisha, kisha akaona kinachotambaa chini ya magurudumu yake.

Lori la mumewe lilikuwa mbele kabisa. Alimwona mkewe anakuja peku, jasho na machozi vimemchanganyikia usoni, roho ikamruka.

"Mtoto kafanyaje? Panda! Panda twende!" Mkono wake ukashika ufunguo.

Fundi akadandia ngazi ya lori. Akaona kiwiko cha mumewe kinaanza kugeuka.

"Ukiwasha tunakufa."

Mkono ukaganda pale pale. Mumewe akaachia kidole kimoja kimoja, akashuka. Walitembea wameshikana mikono, mvuke ukiwafika vifundoni, baridi kama maji ya mtungi. Fundi alihesabu pumzi zake akingoja mlipuko.

Haukuja. Pampu ilizimwa, zimamoto wakafunika eneo lote kwa povu, na alasiri upepo ukavuma. Darubini alitoka wa mwisho. Hakuwa na utani. Alimkumbatia wifi yake hadi akamuumiza mbavu, akasema, "Tulikuomba wenyewe. Usijibebeshe peke yako."

Wiki hiyo Fundi aliibadilisha programu: mawasiliano yakikatika, namba inafutika na kengele inalia. Tangi namba nne likapata kengele nyingine isiyotegemea kompyuta.

Lakini hofu haina pa kubadilishwa. Kwa muda mrefu hakuweza kuwasha kiberiti. Mumewe ndiye aliyewasha jiko, na kila mara alimwambia kwanza, "Nawasha." Naye alikuwa akitoka, akisimama uani na mikono kifuani, mpaka asikie maji yanachemka.