Sarafu ya Yezu wa Mabamba

Mjini Kasulu Abdalah alijulikana kwa vipuri vya pikipiki, lakini kilichomnyima usingizi ni kitu kingine kabisa: sarafu za kale zilizogongwa chapa juu ya chapa. Huko zamani, nchi za mbali, mfalme mpya alikuwa akikalia kiti na shaba mpya hana. Basi anazikusanya pesa za aliyemtangulia, fundi wake anazipiga nyundo, na sura mpya inaifunika ile ya kwanza. Fundi akiwa mvivu, mfalme wa zamani hubaki akichungulia. Hao wanaochungulia ndio waliomtia Abdalah wazimu. Mkebeni mwake alikuwa na hela za Mjerumani na senti za Mwingereza zenye tundu, ila ya chapa mbili hakuwahi kuishika hata moja. Aliziona kwenye simu tu, akizikuza kwa vidole mpaka chai inapoa. Zena, mkewe, alimwambia wazi kwamba angetazamwa yeye hivyo walau mara moja, angenenepa.

Jumamosi asubuhi Fidele, kijana wa bodaboda ambaye kwao ni Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi, alikuja dukani kununua mnyororo. Kwa kuwa aliujua ugonjwa wa Abdalah, alimwonyesha picha ya zamani kwenye simu. Ulikuwa msalaba wa mbao wa shangazi yake, Bibi Vestina, na katikati yake kipande cha shaba cha duara chenye uso wa Yesu. Kipande hicho mfanyabiashara Mgiriki wa Bujumbura alimpa baba yake Vestina, aliyekuwa fundi wake wa cherehani, na Vestina alikuja nacho alipoikimbia vita ya Burundi. Sasa mjukuu wake Ange alikuwa anapokea komunyo ya kwanza kesho yake, na bibi alitaka kile kipande kitolewe msalabani, kitobolewe, kiwe kidani.

Abdalah aliikuza ile picha. Nyuma ya bega la Yesu palipita mstari wa vitone, ukaikata taji yake ya nuru na kwenda zake. Mstari ule haukuwa na kazi yoyote pale, isipokuwa kama ulikuwa wa mtu mwingine aliyefunikwa chini yake.

"Inatobolewa wapi?"

"Kibondo sokoni, kwa fundi Reverien. Shangazi ameshatoka toka alfajiri."

"Mpigie simu."

"Kazima. Anatunza chaji ya picha za kesho."

Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na sarafu Kibondo. Abdalah alimwachia Zena duka bila hata kusema anakwenda wapi, akapanda nyuma ya Fidele, na njia nzima alikuwa akimgonga mgongoni kama punda. Tundu moja tu la keekee, na kitu alichokiota miaka yote kingeharibika kabla hajakigusa.

Reverien alikuwa na meza yake pembeni ya soko, akitengeneza makufuli na masufuria. Msalaba ulikuwa mezani, na juu ya kichwa cha Yesu fundi alikuwa ameshachora alama kwa msumari. Bibi Vestina alikaa kwenye kigoda akisubiri.

"Usitoboe, fundi," Abdalah alisema kabla pikipiki haijasimama. Ndipo akakumbuka adabu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Fidele, huyu mwenye vumbi ni wa nani?"

Abdalah aliinama kuitazama ile sarafu, na furaha ikamkauka. Ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Pua ya Yesu ilikuwa imekwisha, ndevu zimekwisha, na ule mstari wa vitone ulikuwa umebaki kidogo tu begani.

"Kila Pasaka tunamuogesha Yezu," Vestina alieleza kwa fahari. "Majivu na ndimu. Toka baba yangu."

Abdalah alitamani kulia. Majivu na ndimu ya maisha mazima, nani angebaki na sura?

"Na nyuma, Bibi? Nyuma kuna nini?"

"Oya, hapana, nyuma hakuna kitu. Baba alishindilia nta. Hakuna aliyewahi kuitoa."

Abdalah na Reverien walitazamana. Fundi alipasha kisu moto, akakizungusha taratibu, na sarafu ikadondoka kiganjani mwa Abdalah. Nta ilibanduka yote kwa mara moja. Chini yake shaba ilikuwa ya kahawia, nzima, haikuwahi kuonja ndimu. Palisimama mwanamke mwenye ushungi, ameinua mikono anaomba.

Vestina alimnyang'anya, akaisogeza machoni. Aliinuka kutoka kwenye kigoda kana kwamba mgeni ameingia.

"Bikira Mariya," alisema polepole. "Muda wote huu mama yake alikuwa humu ndani, na sisi tunamuogesha mtoto peke yake."

Reverien alipiga ishara ya msalaba.

"Bi Mariamu hata sisi Waislamu tunamjua, Bibi," alisema Abdalah. "Sasa mgeuze, miguu iwe juu."

Vestina aligeuza. Pale penye miguu ya Maria palikuwa na uso wa mwanamume mwenye taji na ndevu, macho wazi. Abdalah alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo, wala hakuona haya. Aliwaeleza kwamba huyo ndiye mfalme wa kwanza, kwamba waliokuja nyuma walimgonga nyundo wamfute na nyundo haikummaliza. Kisha akawaonyesha alama ya msumari. Tundu la upande wa Yesu lingemtokea huyo mfalme usoni.

"Niuzie, Bibi."

"Yezu hauzwi," alijibu Vestina, bila hasira.

"Basi nitoboe?" Reverien aliuliza. "Nina kazi za watu."

"Kaa naye, Bibi, mvalishe mtoto," Abdalah alisema. "Sikuombi tena. Ila huyu mtu usimtoboe."

Vestina alipitisha kidole juu ya ule uso.

"Walimgonga wakijua amekwisha?"

"Ndiyo."

"Na bado anatazama." Aliifunga sarafu kiganjani. "Nilivuka mpaka na mtoto mgongoni na huyu ndani ya kanga. Mimi pia walijua nimekwisha. Fundi, weka keekee chini."

Abdalah alitoa kipande cha waya wa klachi kwenye boksi la pikipiki ya Fidele, ambaye alinung'unika kwamba ni wake, na Reverien akausuka nyuzi nyuzi kuwa kikapu kidogo chenye kitanzi, cha kuishika sarafu bila tundu.

Jumapili Abdalah alisimama nje ya mlango wa kanisa Mabamba, kofia yake kichwani, maana Vestina alimwalika kwa amri. Watoto walipotoka, Ange aliwasimamisha wenzake, akaigeuza sarafu kifuani pake juu chini.

"Huyu ndiye alikuwepo kwanza," aliwaambia. "Ni wetu pia."

Watoto wakasongamana kumtazama. Abdalah aliukumbuka mkebe wake kule Kasulu, ambao hakuna aliyeutazama ila yeye peke yake, na kwa mara ya kwanza aliuonea huruma.