Kiwanda Kizima Chooni

Kiwanda cha mashati kilikuwa na choo kimoja cha wanawake, na wanawake wenyewe walijaa ukumbi mzima. Kwa miaka mingi Mama Vifungo, aliyekuwa akishona vifungo pale tangu jengo halijawekwa dari, alisimama katika kila mkutano wa wafanyakazi na kuomba choo cha pili. Aliomba kwa adabu, aliomba kwa ukali, na mara moja aliomba huku amebana magoti ili ujumbe ufike. Meneja hakuwa mtu wa kutia pamba masikioni. Alimsikia vizuri, akaenda kufikiri, akarudi na jibu lake: atafunga mtambo wa kupima muda ambao kila mfanyakazi anakaa chooni.

Kuna watu ukiwaomba maji wanakuletea kipimo cha kiu. Meneja huyu alikuwa mmoja wao, tena alijisifia.

Meneja hakutaka fundi wa kuufunga. Mafundi, alisema, wanapenda kukuza mambo. Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa, aliingia choo cha wanawake na drili ya kuazima, akabandika antena ya mtambo ukutani. Ilikuwa kitu cheupe, bapa, kama sinia. Waya wake ulikwenda kwenye kisanduku kilichopachikwa juu ya mlango, na kutoka kwenye kisanduku waya mwingine ulitambaa darini mpaka kompyuta ya ofisini. Kila mfanyakazi alipewa kadi mpya ya kuvaa shingoni. Ndani ya kadi mlikuwa na kidude kisichohitaji betri: antena ikiita, kadi inaitika, na kompyuta inaandika nani yuko chooni na amekaa muda gani.

Jumatatu akamwita mfagiaji aingie kwa majaribio. Mfagiaji aliingia na kadi yake chini ya aproni, akakaa humo, akatoka, na kompyuta haikuandika kitu. Mtu mwenye subira angeishusha antena kidogo, au angemwambia yule dada aitoe kadi nje ya aproni. Meneja alifungua ukurasa wa marekebisho, akaona mahali palipoandikwa nguvu, akaivuta hadi mwisho. Mfagiaji alipoingia tena, jina lilitokea hata kabla hajafunga mlango. Meneja akajipigia makofi, maana hakukuwa na mwingine wa kumpigia.

Ukuta aliobandikia antena ulikuwa wa plaiwudi, ubao mwembamba tu. Upande wa pili wa plaiwudi hiyo, cherehani ikiutazama ukuta, alikaa Kola.

Kola ndilo jina alilopewa kiwandani kwa sababu hakuna aliyeshona kola kwa kasi yake. Nyumbani alikuwa mke wa mtoto wa mwisho wa Mama Vifungo, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kola zote. Mama mkwe na mkwe waliishi nyumba moja na kufanya kazi chini ya paa moja, na bado Mama Vifungo hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita huyo. Chai ya huyo ilikuwa maji ya kusuuzia vikombe. Nguo alizofua huyo zilitoka chafu kuliko zilivyoingia. Kola alikwisha kuzoea kumeza mate na kunyamaza, lakini moyoni alikuwa na majibu ya kutosha kujaza gunia.

Wiki haijaisha, Kola akaitwa ofisini. Meneja alimgeuzia kioo cha kompyuta kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Jana ulikaa chooni tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni," alisema. "Una nini cha kujitetea?"

Kola alitazama kioo, akamtazama meneja. "Na zile kola mlizozipokea jana, bosi, nilizishonea chooni?"

Meneja aliinuka. Alitoka, akaenda kusimama kwenye cherehani ya Kola, akaugonga ukuta kwa kidole, akarudi taratibu akinung'unika kwamba nguvu aliyoivuta hadi mwisho imepenya plaiwudi. Ameelewa, Kola aliona wazi kwamba ameelewa, na akadhani sasa nguvu itapunguzwa au lile sinia litahamishwa. Badala yake meneja alianza kutabasamu. Alimwambia Kola ahamie karibu na dirisha kwenye mwanga mzuri. Tena, akasema, nafasi ya msimamizi wa ukumbi iko wazi, na yeye anapenda wasimamizi wasiopenda maneno. Mambo ya mitambo ni ya wasomi. Hakuna haja ya kuwasumbua wazee nayo.

Mchana ule Mama Vifungo aliamriwa achukue vifungo vyake akakae ukutani.

Kola aliona kila kitu kutoka dirishani, na hapa tusimpambe kwa sifa: hakusema neno. Alijua kile kiti kinafanya nini na kimewekewa nani. Alijua vilevile kwamba yule bibi, aliyewahi kuimwaga chai yake mbele ya wageni, angeondoka na kelele zake, naye angebaki msimamizi. Aliona aibu kwa kufurahi, lakini alifurahi.

Ripoti ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na mlango, ambapo hata wapagazi wangeisoma. Juu kabisa alikuwa Mama Vifungo, mkaaji wa chooni wa siku nzima, siku baada ya siku. Chini yake meneja aliongeza kwa kalamu nyekundu kwamba uvivu wa namna hii hauvumiliki, na kwamba siku tajiri mwenye kiwanda atakapokuja kuukagua mtambo, aliye juu ya orodha ataondoka kazini mbele yake. Watu walicheka kwa kujificha. Mtu mmoja alimwachia bibi karatasi ya chooni juu ya cherehani kama zawadi.

Mama Vifungo hakubishana. Mwanamke aliyejibu kila meneja aliyepita pale aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akaendelea kushona.

Jioni Kola alipika chai na, kwa makusudi au kwa mawazo, akasahau majani. Alimwekea mama mkwe kikombe cha maji ya moto yenye maziwa, akasubiri tusi. Mama Vifungo alikunywa mpaka chini. Akasema ahsante. Kisha akakaa akivitazama vidole vyake vilivyopinda kwa sindano, kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Ile ahsante ilimchoma Kola kuliko matusi yote. Aliketi chini kando ya kiti chake, akamweleza kila kitu: plaiwudi, nguvu iliyovutwa hadi mwisho, tabasamu la meneja, usimamizi.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Mama Vifungo.

"Tangu siku uliyohamishwa, mama."

"Ukaniacha nichekwe."

"Nilikuacha."

Kola alingoja afukuzwe ndani ya nyumba, na aliona ni haki yake. Bibi akainua kikombe, akakichungulia.

"Kwanza, hii si chai," alisema. "Pili, kesho usiende kumlilia yule mjinga. Atahamisha sinia lake, atanitafutia kosa jingine. Mtambo wake unapenda watu? Tutaupa watu mpaka utapike."

Siku ya tajiri kufika, meneja alivaa tai. Aliipandisha kompyuta kwenye meza katikati ya ukumbi ili mgeni auone mtambo ukifanya kazi, akafagia hata mahali pasipo na vumbi. Wanawake waliketi kwenye cherehani zao, vichwa chini, kimya kama watu wenye adabu. Kola hakuwa amekwenda chooni tangu alfajiri. Tangu lile sinia libandikwe wengi walikuwa wakijibana hivyo hivyo, wengine hata maji hawanywi.

Tajiri, mtu mnene, mpole, aliyechoka, aliingia na wageni wawili. Meneja alimwaga maelezo. Teknolojia. Nidhamu. Hakuna tena wa kujificha chooni, mzee, sasa macho yangu yanafika kila mahali. Akamwonyesha kioo bila kukitazama mwenyewe.

Tajiri alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, maana kompyuta iliwataja watu kwa kazi zao. Yuko chooni fundi wa mikono. Yuko chooni fundi wa mifuko. Mafundi wa pasi, wote. Wakataji vitambaa. Mfagiaji. Alisoma akashuka, akasoma akashuka, mpaka akachoka kushuka.

"Hawa wote wako chooni sasa hivi?" aliuliza. Akainua macho, akawaona wote wameketi mbele yake. Akauendea mlango wa choo, akaugonga kwa heshima, akausukuma. Mlikuwa na ndoo na ufagio.

Meneja alikuwa amekwisha kuziona. Juu ya kitegemeo cha nyuzi cha cherehani ya Mama Vifungo, zikiutazama ukuta, zilitundikwa kadi za kiwanda kizima, moja kando ya nyingine kama soksi kwenye kamba. Alichupa mpaka pale, akainama juu ya bega la bibi, akaanza kuzing'oa, huku akimpigia tajiri kelele kwamba huyu ndiye, huyu mzee mvivu ndiye adui wa kiwanda. Kadi yake mwenyewe, ya rangi ya dhahabu, ilining'inia shingoni mwake ikaugusa ukuta.

Kompyuta ilitoa mlio mdogo. Tajiri akarudi mezani, akasogeza miwani.

"Na wewe meneja," alisema, "nakuona umeingia."

Tajiri alimuuliza Mama Vifungo anakaa kiti kile tangu lini, na kabla yake alikaa nani, na cherehani ya hapo imetoa mashati mangapi. Akauliza tena kama ukumbi huu wote una choo kimoja tu. Mama Vifungo alijibu kila swali bila kusimama na bila kuacha kifungo kilichokuwa mkononi. Kisha akamtazama meneja, aliyebaki ameinama na kadi zimemjaa viganjani, hajui azifiche wapi.

"Mwambie atoke basi, mzee," alisema. "Foleni ni ndefu, na mwanangu pale dirishani amebanwa tangu asubuhi."

Kola alisikia neno lile, akahitaji muda kidogo kujua kwamba anayesemwa ni yeye. Aliinuka, akapita mbele ya tajiri na wageni wake, akaingia chooni bila kadi, akakaa humo kadiri alivyotaka.