Shingo Isiyo na Vyuma

Katika nyumba ile kosa halikusemwa, lilizibwa. Mama akizidisha chumvi, watu walikula, wakashushia maji, wakashukuru. Binamu alipofeli mtihani kwa mara ya pili, ukoo mzima ulikubaliana kwamba anapumzisha akili. Na baba mdogo, fundi wa vitanda na makabati, alipowatengenezea mlango wa mbele mfupi kuliko wenye nyumba, hakuna aliyefungua kinywa. Waliinama wakiingia, wakainama wakitoka, mpaka wageni wakaenda kusimulia mtaani kwamba hakuna familia yenye adabu kama ile.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," ndiyo ilikuwa methali ya baba mdogo, naye aliitumikia kwa mikono miwili. Alikoroga unga wa mbao na gundi kwenye kopo, akaziba kila tundu, kila mkwaruzo, kila mahali msumeno ulipoteleza. Mafundi wenzake walisema ukisinzia kwenye karakana yake utaamka pua zimezibwa na kupigwa msasa.

Ndani ya karakana hiyo ndimo binti wa marehemu kaka yake alimoamua kutengeneza gitaa la besi.

Nyumbani walimwita Msomi. Alikuwa na shahada ya takwimu, iliyotundikwa sebuleni ndani ya fremu aliyoichonga baba mdogo. Shahada ilikuwa bado haijapata kazi, lakini fremu ilikwisha kumletea baba mdogo wateja. Msomi hakukata tamaa. Aliamini kwamba mtu anaweza kutengeneza kwa mikono yake kile anachokipenda, na kwamba kila mtu ana mahali pake duniani, ila wengine hawajaonyeshwa tu. Mahali pake yeye hapakuwa ofisini. Alitaka kusimama kando ya mpiga dramu katika bendi ya ukumbi ulio mwisho wa mtaa, apige zile nota za chini ambazo watu hawazisikii mpaka zikosekane.

Na nafasi ilikuwa imepatikana. Mpiga besi wa bendi alikuwa ameoa, akahamia ukweni, akaondoka na gitaa. Kiongozi wa bendi, bwana wa miwani myeusi ambaye waliomzunguka walimwita Profesa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui," alimwambia Msomi waziwazi:

"Kupiga unaweza, nimekusikia kwenye gitaa la kuazima. Lakini bendi haichukui vidole vitupu, dada. Njoo na gitaa lako Alhamisi. Ukilikosa, kuna kijana analo lake. Tena jekundu."

Msomi hakuwa na lake, wala jekundu wala jeusi. Akamwendea baba mdogo.

"Gitaa?" baba mdogo alisema, akiwa amebana penseli nyuma ya sikio. Magitaa alikuwa ameyaona kwenye harusi tu, kwa mbali, sahani ikiwa mkononi. "Lina droo?"

"Halina, baba mdogo."

"Bawaba?"

"Hapana."

"Basi ni kazi ndogo."

Mwili wa gitaa ulitoka kwenye ubao wa kichwani wa kitanda cha maharusi ambao hawakufika kulala pamoja. Kwa ajili ya shingo, baba mdogo alipanda juu ya stuli na kushusha kutoka darini ubao wa msaji, mnyoofu kama neno la kweli, aliokuwa akiutunza kungojea kazi yenye heshima. Aliupangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Baba yako aliununua," alisema, kisha akajifanya anatafuta randa.

Waliranda, wakachonga, wakapiga msasa. Sumaku za kunasa sauti ya nyuzi Msomi alizitoa kwenye spika iliyokufa, akazizungushia waya mwembamba wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, huku mama ameshika kibiringo cha waya akiuachia polepole na kuuliza kama hiyo ndiyo takwimu yenyewe.

Kisha ikaja kazi ya kutoa jasho. Shingo ya gitaa hukatwa mifereji myembamba kukingama upana wake. Huko kichwani mifereji huachana, na kadiri inavyoteremka kuelekea mwilini ndivyo inavyokaribiana. Ndani ya kila mfereji hupigiliwa kipande chembamba cha chuma, na chuma hicho ndicho kinachoukata mlio mahali pake. Mfereji ukikosewa kwa unene wa ukucha, nota yake itasema uongo mpaka kiyama. Hapo shahada ilifanya kazi kwa mara ya kwanza. Msomi alipiga hesabu, akahakiki, akatia alama kwa sindano, akakata kwa msumeno mwembamba huku amebana pumzi. Alipomaliza aliipuliza shingo, akaitazama kama mama anavyotazama meno ya mtoto, akailaza juu ya meza ya karakana. Halafu akaenda mjini kwa fundi wa ala za muziki kuchukua vyuma.

Aliporudi, shingo ilikuwa inang'aa.

Ilikuwa inang'aa mno. Msomi alisogea karibu. Mifereji haikuwepo. Yote ilikuwa imejazwa unga wa mbao na gundi, ikapigwa msasa, ikapakwa vanishi juu yake. Kilichobaki ni mistari myeupe iliyofifia, kama makovu ya zamani.

"Baba mdogo," alianza, "hii shingo..."

"Usiseme kitu," baba mdogo alimkatiza, akiangalia pembeni kama mtu aliyetoa sadaka na hataki kuonekana. "Nimeshaimaliza. Pitisha kidole."

Msomi akapitisha kidole. Kiliteleza kutoka juu hadi chini bila kukwama popote.

"Unaonaje?"

Usoni mwa mzee mlikuwa na furaha ambayo Msomi hakuwahi kuiona humo tangu wamzike baba yake. Mkononi Msomi alikuwa na mfuko wa vyuma. Kulikuwa na msumeno mezani. Sentensi moja tu ya ukweli ingetosha, kisha mifereji ingefunguliwa upya na muda ungetosha. Lakini alikuwa mtoto wa nyumba ile.

"Imependeza sana, baba mdogo," alisema, akauachia mfuko wa vyuma udondoke na kwa kisigino akausukuma chini ya meza.

Kisha akajifariji kwa njia ya wasomi, yaani tatizo akaliita chaguo. Si alikwisha kuona picha za magitaa ya besi yasiyo na vyuma? Si wanaoyapiga ni watu wazima wenye ndevu zao? Mistari ilikuwa bado inaonekana. Angebonyeza palepale alipozoea kubonyeza, na mambo yangekwenda.

Gitaa likaunganishwa. Likavishwa nyuzi nne nene, likachomekwa kwenye radio ya zamani ya mama iwe spika yake. Jumatano jioni familia ikakaa sebuleni kusikiliza. Msomi akapiga. Kila nota ilitoka na uchungu fulani, kama maziwa yaliyoanza kufikiria kuganda.

"Hapo hapo!" mama alipiga makofi. "Usibadilishe hata kidogo!"

Baba mdogo alikuwa amefumba macho na kukaza taya. Msomi alidhani amezama katika muziki.

"Naona kama kuna kitu hakijakaa sawa," Msomi alisema. "Labda ni hii radio."

"Ndiyo, ni radio!" wote wakaitikia kwa nguvu na nafuu kubwa, maana radio haikuwa ndugu.

Alhamisi baba mdogo alivaa koti lake la sherehe, akalibeba gitaa mwenyewe ndani ya mfuko ambao mama aliushona kutoka kwenye pazia. Ukumbini walimkuta mpiga dramu akikaza ngozi za dramu zake, mwanamke mnene mcheshi aliyewakaribisha kwa kuwaonyesha mahali pa kutokukaa. Profesa alitoka nyuma ya jukwaa akilitazama gitaa kama anayenunua ng'ombe. Aliligonga mgongoni, akalizunguka, kisha akainama kwenye shingo.

"Naam," alisema hatimaye. "Hii ni ile aina isiyo na vyuma. Mimi nimezipiga sana hizi nilipokuwa ng'ambo."

"Ng'ambo ulikwenda lini, Profesa?" mpiga dramu aliuliza bila kuinua macho. "Pasipoti yenyewe si unaiona kwa wenzako."

"Vyuma gani?" baba mdogo alinong'ona.

"Baadaye, baba mdogo," Msomi alisema haraka, akachomeka waya.

Walipiga. Dramu ilikuwa tamu, iliyomfuata mtu kama rafiki. Msomi alijitahidi, vidole vyake havikupotea njia hata mara moja. Lakini ule uchungu wa jana ulikuwepo, na safari hii hapakuwa na radio ya kusingizia. Walipomaliza, Profesa alisafisha koo.

"Nzuri, nzuri sana. Ina upekee wake. Basi, dada, tutakuita."

Kila mtu anajua wanaoambiwa "tutakuita" wamezikwa wapi. Msomi alianza kuukunja waya. Baba mdogo alikuwa amesogea ukutani, kwenye gitaa la solo lililoegemezwa hapo, na alikuwa akivipapasa vyuma vya shingo yake kimoja kimoja.

"Ngoja kwanza," mpiga dramu alisema. "Dada, nikwambie kitu na usinikasirikie. Uko chini."

"Chini wapi? Niongeze sauti?"

"Sisemi kelele. Nota yako haifiki mahali pake. Kidogo tu, ila kila moja. Kwani nyumbani hukupiga mbele ya watu?"

Msomi akageuka. "Baba mdogo?"

Baba mdogo aliangalia viatu vyake. Aliangalia dari. Kisha, kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo ule, mtu akasema.

"Ulikuwa chini tangu jana, mwanangu."

"Na mama je, alisikia?"

"Mama yako alisema: kwa jinsi anavyofurahi, nani atamwambia?" Alishika kifungo cha koti kana kwamba kitamsaidia. "Na si hilo tu. Mifereji ile. Nilijua msumeno ulikuponyoka. Ukaponyoka mara nyingi, nikasema maskini, mtoto anatetemeka mkono. Nikasema binti wa kaka hawezi kuaibika mbele za watu. Nikaiziba. Sikumwambia mtu. Kumbe," akagusa tena chuma cha gitaa la solo, "ilikuwa na kazi yake."

"Nilikuwa nimekwenda kuchukua vyuma vya kuweka humo," Msomi alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, baba mdogo. Nami nikaona, nani atakwambia?"

Mpiga dramu aliwatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. "Samahani. Ninyi mnaishi nyumba moja?"

Msomi alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Aliyafuta kwa bega, akaitazama shingo upya, sasa bila kuihurumia. Uko chini, kidogo tu, kila nota. Kosa linalofanana kila mahali lina sababu moja, hilo hata mwaka wa kwanza wanafundishwa. Alitazama kidole chake kilipokuwa kimekaa: nyuma kidogo ya mstari, kama alivyozoea kwenye gitaa la kuazima. Pale chuma kilichokuwa mbele ya kidole ndicho kilichokuwa kinaukata mlio. Hapa hapakuwa na chuma. Mlio ulikatwa na kidole chenyewe, na kidole kilikuwa kimesimama kabla ya mlango.

Akakisogeza mbele, juu ya mstari kabisa. Akapiga.

Nota ilitoka nzima, nene, ikatambaa sakafuni, ikapanda miguu ya viti. Akatelezesha kidole hadi mstari uliofuata, na nota ikateleza nayo bila kujikwaa, kama mtu anayezungumza bila kuficha kitu. Mpiga dramu alichukua vijiti vyake, akaanza. Msomi akaingia, na mara hii walitembea pamoja, huyu akiweka mguu na yule akiweka ardhi.

Profesa hakuweza kujizuia. Alishika maikrofoni, akafumba macho nyuma ya miwani na kuanza kuimba. Aliimba ubeti mzima, kisha wa pili, mkono kifuani. Walipomaliza ukumbi ulitulia, na katika utulivu huo baba mdogo, ambaye alikuwa ametoka kuonja ukweli na kuukuta si mchungu kama alivyoambiwa, alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Wewe pia uko chini," alimwambia Profesa kwa upole. "Kidogo tu."

Mpiga dramu aliangusha kijiti. Msomi alifumba macho na kuiona nafasi yake ikitoka mlangoni, ikiwa imevaa gitaa jekundu.

Profesa alivua miwani. Bila miwani alionekana mtu wa kawaida aliyechoka, mwenye alama mbili puani. Alimtazama mzee. Akatazama gitaa.

"Dada," alisema hatimaye, "kesho saa kumi. Usichelewe. Na huyu mzee wako abaki nyumbani."

"Nimekosea?" baba mdogo aliuliza kwa wasiwasi, akirudisha gitaa ndani ya pazia.

"Hapana, baba mdogo," Msomi alisema, akamshika mkono. "Twende."

Walipokuwa wanashuka ngazi za jukwaa, nyuma yao Profesa alikuwa ameinama kando ya mpiga dramu, akidhani hakuna anayesikia.

"Hebu niambie wewe," alikuwa akinong'ona. "Chini kiasi gani?"