Kipimo cha Wiki ya Tisa

Queen alikuwa na miaka kumi na sita alipokutwa na vidonge vya kulevya shuleni, mwanzoni mwa mwaka 2019. Badala ya kumfunga, jaji aliamuru atibiwe: ushauri nasaha, mkojo kupimwa, na kila Alhamisi kufika mahakamani na mzazi. Akimaliza mwaka akiwa safi, kesi ifutwe. Akivuruga, mahabusu ya watoto.

Wiki ya tisa, mkojo ulionyesha kodeini, dawa kali ya maumivu.

"Mama, sema ulinipa wewe," alimwambia mama yake, Avelina, garini, wakitoka nyumbani kwao Sugar Land kwenda mahakamani. "Si uling'olewa jino? Sema na mimi jino liliniuma, ukanipa dawa yako."

"Nilikupa?"

"Mama, please. Watanifungia."

Asubuhi hiyo baba yake, Elibariki, alikuwa amesema hayo hayo. "Ni neno moja tu, mama Queen. Mtoto wetu alale rumande kwa neno moja?"

Avelina alikuwa amechukua funguo za gari na kutoka. Alikuwa muuguzi. Wodini kwake alishapokea vijana waliozidisha vidonge kama hivyo, wenye midomo ya bluu, na wengine hawakuamka.

Jaji, mwanamke wa makamo, alisoma karatasi kisha akainua macho. "Queen anasema dawa alipewa nyumbani. Mama, ni kweli?"

Queen alimbana mama yake kiwiko. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kinywani mwa Avelina.

"Hapana, mheshimiwa. Alichukua mwenyewe. Vidonge vyangu vilikuwa kabatini, sikuvifungia."

Queen aliuachia mkono ule kana kwamba umemuunguza.

"Siku tano mahabusu," jaji alisema. "Kisha anarudi kwenye matibabu, anaanza upya."

Askari wa kike alimtoa kwa mlango wa pembeni. Queen hakugeuka.

Siku zote tano Elibariki hakumsemesha mkewe. Alikula, akanawa, akaenda kazini.

Jumanne Avelina alikwenda kumchukua binti yake. Queen alikaa kiti cha nyuma. Walipokuwa wanapita mtaa wa Gulfton, akasema akitazama nje, "Nilimeza vinne. Siku moja."

Avelina aliingiza gari kwenye maegesho ya duka, akazima injini.

"Vinne?"

"Na viwili viko chini ya godoro."

Nyumbani Queen alivitoa mwenyewe, akaviweka kiganjani mwa mama yake. Elibariki alikuwa amesimama mlangoni, anatazama.