Bonyeza Nyumbani

Ukiwa na baba aliyekuwa rubani, usimkalishe kiti cha kulia ukategemea kupumua. Baba yangu macho yamemwishia. Anaona mwanga na giza, na umbo la mtu akisogea karibu. Lakini masikio anayo, na mdomo ndio usiseme. "Injini yako inakohoa." Haikohoi. "Umeinua pua mno." Sijainua. Mimi mwenyewe si mtu wa kutulia, nyumbani wananiita Kiberiti, na siku ile vidole vilikuwa vinapiga ngoma pajani tangu turuke.

Tulikuwa tunarudi, sisi wawili na masanduku matupu ya chanjo, kwenye ndege ndogo ya injini moja. Kiooni mbele yangu nilikuwa nimebandika tableti yenye ramani zote; kindege cha buluu kinatembea juu ya ramani nami nakifuata. Baba hakuipenda. Yeye alikuwa na kidude chake cha GPS, kizito kama mche wa sabuni, kinachotumia betri za tochi, na kila tukiruka lazima kiwe mfukoni mwa shati lake.

"Hiyo yako televisheni," alikuwa akiniambia. "Siku ikizima utatazama nini?"

Basi siku hiyo ikazima. Jua lilikuwa linapiga kioo bila huruma, tableti ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, ikajifunga. Nikaipepea kwa kitambulisho. Nikaipuliza kama uji. Wapi! Nje vumbi lilikuwa limetanda, rangi ya chai ya maziwa, na ardhi siioni ila nikitazama chini moja kwa moja. Mafuta yalikuwa ya kufika, si ya kutangatanga.

"Mbona umenyamaza?" Baba akauliza kwenye hedifoni.

"Tableti imezima."

Niliisikia furaha yake kabla hajatamka neno. Akachomoa kidude mfukoni, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Bonyeza Nyumbani," akasema. "Kitakufikisha mlangoni."

Nikakishika, nisikibonyeze.

"Nyumbani" ya kidude kile ni uwanja aliouanzisha Baba mwenyewe, akaufyeka kwa panga, akang'oa visiki, akapima njia ya kurukia kwa hatua zake. Uwanja huo haupo. Uliuzwa, yakajengwa maghala, na kando yake ukasimamishwa mnara wa simu. Sisi tukahamia uwanja mpya, upande wa pili wa mji. Baba hakuambiwa. Mama alituita jikoni, mimi na kaka yangu, akafunga mlango. "Macho yamekwenda," akasema, "na uwanja nao mkamwambie umekwenda? Mnataka kumzika?" Tukakubali. Wageni wakawa wanaonywa mlangoni kabla hata ya kukaribishwa kiti. Na kwa kuwa uwanja mpya uko karibu na kwetu, kaka akija kutuchukua na gari humzungusha Baba mjini, anapita mitaa ileile mara mbili, ili safari iwe ndefu kama ya zamani. Baba hukaa nyuma na kusema, "Foleni leo, jamani."

Nikabonyeza. Mshale ukaelekea kulia, kwenye maghala na mnara. Alama za uwanja mpya zilikuwa ndani ya tableti, na kichwani mwangu hazikuwamo, maana nani siku hizi anakariri? Nikageuza ndege kulia. Nikairudisha. Nikageuza tena.

"Unayumba," Baba akasema.

"Upepo."

"Upepo gani wa kwenda na kurudi kama mtu aliyesahau funguo?"

Nilimkasirikia Mama na jikoni yake, nikamkasirikia kaka na mizunguko yake, nikalikasirikia jua. Nilijua la kufanya, nalo lilikuwa maneno manne tu: Baba, uwanja wako haupo. Natua kwenye upepo wa ubavuni bila wasiwasi, lakini maneno hayo manne sikuthubutu kuyatua. Nikatazama kipimo cha mafuta. Nikamtazama yeye, kidevu juu, anatabasamu, anangoja kidude chake kituokoe.

"Baba," nikasema, "nikikifuata hiki, tutagonga ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa ghala. Uwanja wako haupo, Baba. Uliuzwa. Tulikuficha."

Hakugeuka. Tabasamu lilimtoka taratibu, na mkono wake ukapapasa goti, ukatulia hapo. Nilitamani aniseme, anitukane, lolote.

"Shuka chini ya Nyumbani," akasema mwishowe. "Kuna jina jingine hapo."

Nikabonyeza kishale cha chini. Chini ya NYUMBANI paliandikwa UONGO.

"Hii nini?"

"Ndiko tunakokwenda. Soma umbali."

Nikasoma. Ulikuwa karibu kuliko Nyumbani, karibu nusu yake.

"Njia ya mwongo ni fupi," Baba akasema. "Haya, bonyeza."

Nikabonyeza. Mshale ukageuka kushoto, nami nikageuka nao. Akaanza kueleza bila kuulizwa. Uwanja wake ulikuwa na mteremko; ukigusa chini, ndege inajivuta upande. Huu wetu ni bapa kama meza. Siku ya kwanza tu alijua. Siku ya pili, magurudumu yalipogusa, akabonyeza kitufe cha kuweka alama, na jioni akiwa peke yake chumbani akaandika jina kwa kupapasa vitufe na kuhesabu mibonyezo, herufi moja moja.

"Na mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu achoke. Nilidhani atakuwa kaka yako."

"Na leo ukaniambia nibonyeze Nyumbani! Kama ningefuata nikanyamaza?"

"Usingenyamaza. Mafuta yanasemesha watu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ningekwambia kabla ya mnara."

Kumbe hata mnara alikuwa anaujua, kwa masikio yake yaleyale. Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia, na vyote viwili haviwezekani mtu akiwa anaendesha ndege. Vumbi likafunguka kidogo, nikauona uwanja mpya pale pale mshale uliposema. Tukatua. Kwa mara ya kwanza hakukosoa kitu.

Kaka alikuwa anatungoja na gari, anasugua funguo mkononi. Baba akaingia nyuma. Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara, kaka akawasha taa ya kushoto, anaanza ziara yake.

"Acha," nikamwambia. "Anajua."

Gari likasita katikati ya barabara, honi zikalia nyuma yetu.

"Anajua nini?"

"Anajua foleni," Baba akajibu. "Nipeleke kwangu, baba. Kule kwenye maghala."

Kaka alinitazama kama mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya sufuria. Tulipofika, Baba alishuka akanishika bega, nami nikakiinua kidude na kutembea, nikimsomea mita zilizobaki. Hamsini. Arobaini. Kwenye thelathini ukatukuta ukuta.

"Mbona umesimama?"

"Ukuta, Baba. Zimebaki thelathini, ziko ndani."

Akanyoosha mkono, akauweka kwenye matofali, akaupitisha juu, akaupitisha chini.

"Ndani wameweka nini?"

Kaka akachungulia kwenye upenyo wa mlango. "Magodoro."

"Magodoro?" Baba akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Miaka yote ile natua kwenye changarawe! Sasa ndipo wanaweka magodoro!"

Tukacheka naye. Kisha nikaona yeye hacheki tena, bega lake linatikisika kwa jambo jingine, na machozi yanashuka kutoka kwenye macho yale yasiyoona. Kaka akasogea akamshika mkono. Mimi sikujua niiweke wapi miguu yangu. Nikawa nasimama, naenda, narudi.

"Futa," Baba akasema.

Nikafuta. Kidude kiliuliza kama nina hakika, nikamsomea swali, naye akatikisa kichwa kukubali. NYUMBANI ikatoweka, likabaki lile jina moja.

"Na huu Uongo?"

"Badilisha jina."

"Niuite Nyumbani?"

Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akageuka kutafuta ulipo mlango wa gari.

"Haraka ya nini, Kiberiti?" akasema. "Andika Kazini. Nyumbani tutaona."