Barafu ya Chanjo ya Omate

Mwaka wa 1951 nilibeba sanduku la chanjo ya ndui kutoka Walikale mpaka Omate, kambi ya wachimbaji. Sijasamehe hata mutu mumoja aliyekuwa pale, nami nikiwemo.

Lilikuwa sanduku la mbao lenye maranda, ndani ya maranda kopo la barafu, katikati ya barafu vichupa vya dawa. Siku tatu kabla ya hapo, kwetu Muheto kwenye baridi, enfirmié Barthélemy, muuguzi wetu, alikuwa amechanja watu kutoka sanduku hilo hilo. Hata mimi alinichanja. Njiani akaniambia, "Semana, pita kivulini. Hii dawa ikipata joto inakufa, na hata rangi haibadiliki."

Tulifika jua likiwa utosini. Muzungu mkubwa wa kambi alitoka barazani, akagusa sanduku.

"Iko barafu?"

"Iko, bwana. Ya dawa," nikasema.

Akacheka, akaita mpishi wake. Barafu yote ikaenda kwenye beseni, chupa sita za bia zikalazwa juu yake kama wagonjwa. Vichupa vyetu vikaachwa dirishani, vikachomwa na jua mpaka jioni. Barthélemy alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama Barthélemy.

Asubuhi watu wakapanga mustari. Wa kwanza alikuwa dada yangu Nyiramana, aliyeolewa pale, na mimba ya miezi mitano. Nikamunong'oneza Barthélemy, "Hii si imekufa?"

"Unataka niandike nini kwenye karatasi? Kwamba bwana alikuwa na kiu?"

Akamukwaruza mkono, akaandika: amechanjwa.

Wiki moja baadaye, tukiwa bado Omate, mkono wangu ulivimba, ukatunga usaha, nikashindwa kulala. Mikono ya Omate ilibaki laini. Kambi nzima ilifurahi, ikaona imepewa dawa nzuri kuliko yetu.

"Ninyi wa Muheto mulichanjwa na misumari, kaka," Nyiramana akanicheka. "Ya kwetu haiumi."

"Isipouma haijashika. Leta mkono wako. Alama iko wapi?"

Akautazama, akaacha kucheka. Tukaenda wote wawili kwa karani wa kambi, achanjwe tena. Karani akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye jina lake. "Huyu amechanjwa. Ao munapenda kukwaruzwa?"

Ndui ilifika mwezi wa saba. Nyiramana alikufa na mtoto tumboni. Siku ya kumuzika, yule muzungu alisimama mbali na kitambaa puani, akasema wanawake wetu wanaosha dawa kwa maji mara tu wakitoka kwenye mustari. Nilikuwa na jibu. Nililala nalo mwaka mzima.

Mwaka uliofuata niliomba mwenyewe kubeba sanduku. Barthélemy akanikabidhi. Tukafika, muzungu akatoka, mpishi nyuma yake na beseni tayari. Nikaweka sanduku chini, nikalikalia.

"Toka."

"Barafu iko na kazi."

"Kazi gani?"

"Ile iliyoshindwa mwaka jana. Ulikunywa dawa ya dada yangu, bwana. Ilikuwa baridi ya kutosha?"

Mpishi akaweka beseni chini polepole. Muzungu akaita polisi. Waliponivuta, Barthélemy, yule wa kutazama viatu, alinyakua sanduku, akakimbia nalo mpaka dispensari, akafunga mlango na komeo. Alichanja watu jioni ile ile, mmoja mmoja, wakipitisha mikono dirishani.

Mimi nilipigwa viboko, nikafungwa miezi miwili Walikale.

Wiki ya pili Barthélemy akanitembelea na ndizi. Akachuchumaa nje ya fito za dirisha.

"Omate wanakutukana, Semana. Mikono imevimba, hawawezi kushika beleshi. Kazi imesimama. Wanasema wewe ndiye uliyeleta dawa ya misumari."

"Imevimba ya wote?"

"Ya wote."

"Na wanawake wenye mimba?"

"Wote, nimekuambia."

"Basi waache watukane," nikasema, nikamenya ndizi.