Roboti Lililong'atwa

Mwalimu alinipa kazi ya kubadilisha springi ya roboti lake tu. Alisema "springi tu, Fundi" mara mbili, na mara zote mbili nilimsikia vizuri. Lakini kiherehere hakina dawa.

Sisi ni watu wazima watano tunaokusanya maroboti ya kuchezea ya Kijapani, yale ya zamani ya bati na plastiki, unayoyatia ufunguo mgongoni yakatembea. Mke wangu hunicheka: "Wenzako wanalea wajukuu, wewe unalea vyuma." Katika kundi letu kuna ubishi usiokwisha. Wengine, akiwemo Mwalimu, wanataka kila mkwaruzo uachwe ulivyo. Mimi ni fundi saa. Kitu kikitoka mezani kwangu na kasoro, naona kama nimevuliwa nguo.

Basi nikalifungua roboti lake jekundu, nikabadilisha springi, likatembea. Ningeishia hapo. Ila mkono wa kulia, wa plastiki, ulikuwa umetafunwa. Nikaziba vishimo, nikapiga msasa, nikapaka rangi hadi mwenyewe nikashindwa kuona nilipogusa. Jumapili mchana nikampelekea nyumbani, kichwa kimenivimba kwa sifa ambazo sijapewa bado.

Mwalimu akaligeuzageuza.

"Meno yako wapi?" akauliza.

"Meno gani tena?"

Akakaa. Akanieleza kwamba lile ndilo roboti pekee alilowahi kumpa binti yake, akiwa na miaka minne, na siku ileile mtoto akaling'ata. Sisi wakusanyaji ndivyo tulivyo, tunatoa zawadi huku tunailinda. Alimchapa, akalichukua, akamwambia limeharibika na amelitupa. Hakulitupa. Alilificha kabatini nyuma ya mashuka, na ukaidi ukamziba mdomo. Miaka thelathini, kila wakigombana, binti hurudi palepale: changu ulikitupa, vyako ukaviwekea kabati la vioo. Sasa walikuwa hawajaonana miaka sita, na siku hiyo alikuwa njiani kuja. Zile alama za meno ndizo ushahidi pekee aliokuwa nao Mwalimu kwamba hakulitupa.

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nikainuka niondoke.

"Kaa," akasema.

Binti aliingia na viatu vyake vya unesi, katoka zamu. Akasalimia, akaliona roboti mezani, na moja kwa moja akaushika mkono wa kulia. Akapitisha kidole gumba pale nilipopaka rangi.

"Umenunua lingine," akasema. "Baba, hata uongo wako unaung'arisha."

Mwalimu akanitazama mimi.

"Ni lako, mwanangu," nikasema mimi. "Meno yako nimeyafuta mimi. Baba yako aliniambia nisiguse kitu kingine ila springi, nikajitia ujuaji. Alikuwa amelificha nyuma ya mashuka miaka yote hii. Kwa hili nilaumu mimi."

"Na kwa mengine?"

"Hayo mengine mimi simo."

Alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akamgeukia baba yake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilishakuchapa," Mwalimu akasema. "Ningekuambia halijatupwa, ungeniuliza kwa nini basi nilikuchapa. Sikuwa na jibu. Hata leo sina."

Niliona aibu kuwa pale, na nilishindwa kuondoka.

Binti akalinyanyua roboti, akaupeleka ule mkono mdomoni, akauuma kwa nguvu zake zote. Rangi yangu ikapasuka, vipande vikadondoka mezani. Siku nyingine ningepiga kelele. Akaliweka mbele ya baba yake, akamkazia macho, akangoja.

Mwalimu akainua mkono. Nikamwona yule binti, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, akikunja bega na kufumba macho. Mkono wa baba yake ukamtua shavuni polepole, ukabaki hapo.